Ushauri kwa Mhandisi Anayetaka Kubuni Vifaa vya Lenzi

Wahandisi vijana wanaotamani kubuni darubini, hadubini na vifaa vingine vya lenzi huniuliza wajifunze programu gani ya kuchorea. Mimi huwajibu waanzie karakana, wasimame kwenye mashine ya kukereza na kutengeneza kwa mikono yao kile walichokichora.

Mchoro hauonyeshi joto. Kipande cha alumini chenye urefu wa milimita 100 hurefuka takriban mikroni 2.3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ilhali wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa karibu nusu mikroni tu. Kwa hiyo kipande kinachopimwa kikiwa bado na joto la kukerezwa hutoa kipimo cha uongo, hata maikromita iwe nzuri namna gani. Ndiyo maana vipimo vya uhandisi husomwa katika nyuzi 20. Kiache kipoe kabisa, na usikikumbatie kwa viganja unapokipima.

Kubana nako kuna hila zake, na hapa ndipo wabunifu wengi hukwama. Silinda nyembamba ikishikwa na taya tatu za mashine hubonyea kidogo bila jicho kuona. Utakereza tundu lake hadi liwe duara safi, lakini ukilegeza taya chuma kinajirudi na duara linapotea. Halafu kuna suala la mhimili, yaani mstari mmoja unaopita katikati ya lenzi zote. Matundu yote yanayobeba lenzi yanapaswa kukerezwa bila kukifungua kipande, na hilo linawezekana tu ikiwa mbunifu ameyapanga yafikiwe na kisu kutoka upande mmoja. Asiyewahi kukereza huyagawa pande mbili, akaandika kwenye mchoro kwamba yasipishane zaidi ya mikroni 5 na kumwachia fundi mzigo usiobebeka.

Kuhusu upimaji, kisa cha darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, kinastahili kusomwa kwa makini. Kioo chake cha mita 2.4 kilisuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu, lakini kifaa kilichokipima kilikuwa na lenzi iliyokaa milimita 1.3 mbali na mahali pake, na kioo kikachukua umbo lisilo sahihi. Vipimo vingine vilionyesha kasoro, vikapuuzwa. Wanaanga wakalazimika kwenda kuirekebisha Desemba 1993. Pima kwa njia mbili zisizotegemeana, na majibu yakipingana, usikabidhi kazi mpaka uijue sababu.