Estradioli imepanda ukiwa kwenye sindano za testosteroni? Soma kizio kabla ya kumeza kidonge

Mkuu, umesema uko mwezi wa tano wa sindano za testosteroni, chuchu zinawasha, majibu ya maabara yameonyesha estradioli (aina kuu ya estrojeni) 160, na jamaa yako wa gym anakushauri umeze anastrozoli, kidonge kinachozuia mwili kutengeneza estrojeni, kila siku ili "kuua estrojeni". Nakuomba usimeze kwanza. Mimi nilimeza.

Mwaka 2019 nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye pituitari, ile tezi ndogo chini ya ubongo inayozipa korodani amri ya kutengeneza testosteroni. Baada ya hapo amri haikutoka tena. Ndevu zikapungua, hamu ya tendo la ndoa ikaisha, saa nne asubuhi nimechoka kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Nikaanzishiwa testosteroni enanthati miligramu 250, sindano moja kila wiki 3. Siku za mwanzo baada ya sindano nilijaa nguvu, ila uso ulivimba, soksi ziliacha alama miguuni na chuchu ziliuma hata shati likizigusa. Wiki ya tatu niko hoi kitandani.

Nikapima estradioli, ikaja 158. Nikaingia mtandaoni kusoma Wamarekani wanasemaje, nikakuta wanaume wao wanahesabiwa wako sawa kati ya 10 na 40 hivi. Nilitetemeka. Nikajiona nina estrojeni mara nne ya mwanaume wa kawaida, na jioni ile ile nikanunua anastrozoli duka la dawa bila hata kuulizwa cheti.

Kosa langu liko kwenye karatasi yako pia, mkuu, ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia. Angalia herufi ndogo pembeni ya ile namba, yaani kizio. Maabara niliyopima mimi huandika kwa pikomoli kwa lita, Wamarekani wanahesabu kwa pikogramu kwa mililita. Ili uipate ya kwao unagawanya ya kwetu kwa 3.67. Yangu 158 ilikuwa 43. Yako 160, kama ni pikomoli, ni karibu 44. Hapo hujapaa popote; umegusa ukingo wa juu tu, tena huenda ni kwa sababu ya siku uliyopima. Mimi nilitoa damu siku ya pili baada ya sindano, testosteroni ikiwa kileleni. Estradioli ya mwanaume kwa sehemu kubwa hutokana na testosteroni yake mwenyewe, inayobadilishwa na kimeng'enya kinachoitwa aromatesi, na mafuta ya mwili ni moja ya karakana zake kuu. Ukichoma dozi kubwa kwa mkupuo, na una kitambi (nilikuwa na kilo 104), estrojeni lazima ipande pamoja nayo.

Nilimeza miligramu 1 kila siku kwa wiki 5. Hiyo ndiyo dozi wanayopewa wanawake waliokoma hedhi wenye saratani ya matiti. Chuchu zilipoa, nikafurahi. Wiki ya tatu magoti na vidole vikaanza kuuma, kushika usukani wa gari asubuhi ikawa kazi. Usiku najaa jasho. Halafu hamu ikapotea kabisa, wakati testosteroni nimechomwa! Nililia mbele ya mke wangu kwa jambo dogo ambalo hata silikumbuki, naye akaogopa kuliko alivyoogopa siku ya upasuaji. Nilipopima tena, estradioli ilikuwa chini ya kiwango cha mwisho ambacho mashine yao inaweza kusoma.

Daktari bingwa wa homoni niliyepelekwa hakunigombeza. Alinieleza utafiti wa Boston uliotoka 2013: wanaume wa miaka 20 hadi 50 walizimiwa homoni zao, wakarudishiwa testosteroni kwa dozi tofauti, na kundi moja likapewa anastrozoli juu yake. Waliozuiwa estrojeni waliongezeka mafuta, na tendo la ndoa likazorota. Akaniambia pia kuhusu mwanaume wa miaka 28 aliyeripotiwa 1994, ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni: alikuwa na zaidi ya mita 2, bado anarefuka, na mifupa yake dhaifu. Estrojeni ni ya kwetu pia, mkuu. Sikuwahi kufundishwa hivyo.

Alichofanya ni kusimamisha kidonge na kuigawa dozi ile ile: badala ya 250 kila wiki 3, miligramu 80 hivi kila wiki. Dozi hiyo ni yangu, usiinakili. Akaniambia nipunguze tumbo. Maumivu ya viungo yalichukua kama mwezi na nusu kuondoka, hamu ilichelewa zaidi. Leo estradioli yangu inacheza kwenye 120, chuchu kimya, na sina hofu nayo.

Sasa wewe. Jikague bafuni: chini ya chuchu kuna kitu kigumu kama kifungo, au ni kuwasha tu? Kama kuna uvimbe nenda hospitali wiki hii, hasa ukiwa upande mmoja, maana tishu ya titi ikikaa mwaka hugeuka kovu na dawa hairudishi kitu. Kama ni kuwasha tu, mwombe daktari azungumzie ratiba ya sindano kabla ya kufikiria kidonge. Muulize na hematokriti, yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu. Ikipita asilimia 54, sindano husimamishwa kwanza. Na kama bado mnatafuta mtoto, mwambie mapema, kwa sababu sindano hizi huzima mbegu.

Nijibu mambo matatu: kizio kilichoandikwa kwenye karatasi, unachoma miligramu ngapi kila baada ya siku ngapi, na damu ulitoa siku ya ngapi baada ya sindano.