Kichwa kinauma jikoni tu? Toeni mbabula (jiko la makaa) nje

Dada, kichwa kinakugonga kila mchana jikoni mwa mgahawa, ukitoka uani kinapoa, na wenzako wawili wanaumwa vilevile. Nashuku sana gesi ya makala (makaa), kaboni monoksidi. Sisi wa Goma tunaogopa mazuku, lakini ile ni gesi nyingine, kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Hii inatoka kwenye mbabula zenu, haina harufu wala rangi, na makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu. Sufuria ya maji kando haisaidii kitu.

Pikieni uani, chini ya paa lisilo na kuta, hata mvua ikinyesha. Mwambieni patron (bosi) leo, mkiwa watatu. Yule mwenzenu mjamzito asiingie humo jikoni tena, tafadhali. Mtu akizimia, mtoeni nje kwanza, halafu hospitali, apewe oksijeni.