Picha kuinama mshazari baada ya kugeuzwa kuwa RGB24

Umeeleza kwamba fremu za video za YUV420P (muundo unaotenga mwangaza na rangi) zenye upana wa pikseli 1366 hupita katika sws_scale (kitendaji cha libswscale, maktaba ya FFmpeg ya kugeuza picha) bila kosa lolote, lakini faili ya RGB24 (baiti 3 za rangi kwa kila pikseli) unayoiandika huonyesha picha iliyoinama mshazari. Ugeuzaji wenyewe, kwa maoni yangu, ni sahihi; tatizo liko kwenye uandishi. Mstari mmoja una baiti 4098 za picha, yaani 1366 mara 3, ila kumbukumbu ikipangwa kwa mafungu ya baiti 32, linesize[0] (urefu wa mstari katika kumbukumbu, kwa baiti) huwa 4128, na zile baiti 30 za kujazia zikiandikwa pamoja na picha, kila mstari husogea zaidi ya uliotangulia. Andika mstari mmoja mmoja: anzia data[0] + y * linesize[0] (data[0] ni mwanzo wa picha katika kumbukumbu, y ni namba ya mstari kuanzia 0), kisha chukua baiti 4098 pekee.

Kuhusu rangi zinazotofautiana kidogo na za asili, libswscale isipoelezwa hutumia vizidishi vya BT.601 (kiwango cha rangi cha video za zamani za SD), ilhali video za HD kwa kawaida hufuata kiwango cha BT.709. Soma colorspace ya fremu (sehemu inayotaja kiwango chake cha rangi), kisha uite sws_setColorspaceDetails ili kuieleza libswscale kiwango hicho kabla ya sws_scale. Tafadhali usirekebishe rangi kwa kubahatisha namba.