Je, ni usonji au ni tatizo la lugha?

SWALI: Mwanangu ana miaka minne na nusu. Anaunga maneno mawili tu, na nikimtuma vitu viwili huleta kimoja. Jirani anasema ni usonji (autism), mama mkwe anataka akatwe udata, ule utando unaobana ulimi kwa chini. Nyumbani tunasema Kisukuma na Kiswahili. Nitatofautishaje? Mama wa Kirumba, Mwanza.

JIBU: Mama, naomba kwanza usikubali kisu. Udata, hata kama anao, hauelezi kwa nini mtoto hashiki agizo la vitu viwili. Tatizo lake linagusa pia kuelewa. Wala Kisukuma hakina kosa, kwa kuwa lugha mbili hazisababishi ulemavu wa lugha, na mtoto mwenye tatizo hilo hukwama katika zote mbili.

Kuchelewa kusema hutokea katika usonji na pia katika tatizo la lugha, yaani ugumu wa kuelewa na kutumia maneno, kwa hiyo mtazame zaidi pale maneno yanapomkosa. Mtoto mwenye tatizo la lugha peke yake kwa kawaida hutafuta njia nyingine: ataunyooshea kidole mtumbwi unaoingia mwaloni, kisha atageuka kukutazama usoni ahakikishe nawe umeuona, na akicheza atajifanya muuza dagaa. Mwenye usonji mara nyingi hanyooshi kidole kwa ajili ya kushirikisha. Anaweza kuuvuta mkono wako hadi kwenye kikombe bila kukutazama, akakariri tangazo zima la redio ilhali hawezi kuomba maji, na akasumbuka sana mkibadili njia ya kwenda sokoni. Si wote walio hivyo, na dalili moja haitoshi.

Vipimo vya uwezo wa akili navyo husaidia, mradi visomwe kipengele kwa kipengele. Watoto wengi wenye tatizo la lugha hupanga vipande vya picha vizuri kuliko wanavyojibu maswali ya maneno, lakini hushindwa kurudia neno lisilo na maana kama «pelimotagu», kwa sababu kumbukumbu yao ya sauti ni dhaifu. Katika usonji tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa mno: mmoja hung'ara kwenye mafumbo ya maumbo, mwingine ana ulemavu wa akili, na wa tatu hurudia maneno sawasawa ila hajui ayatumie wakati gani na kwa nani. Ndiyo maana sipendi kabisa mzazi apewe alama moja ya jumla na kurudishwa nyumbani, kwani alama hiyo huficha alichoweza mtoto na alichoshindwa.

Aidha, mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili, na zikithibitika zote hutajwa.

Anza na masikio. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando apimwe usikivu, hata kama unaona anasikia, kisha uombe daktari wa watoto achunguze ukuaji wake. Uende na maandishi ya maneno anayosema katika kila lugha na jinsi anavyoomba anachokitaka. Wakati mkisubiri majibu, mtume kitu kimoja kimoja, kwa sentensi fupi, ukikionyesha kwa mkono.