Jibu kwa mpwa wangu anayetaka kunifuata kwenye utafiti wa bahari za barafu

Mpwa wangu,

Mamako amenifikishia swali lako: ukimaliza shahada ya sayansi ya bahari, uje Ujerumani kusomea viumbe wa ncha za dunia kama nilivyofanya mimi, na je, kazi hii inamweka mtu? Umeona picha zangu nikiwa Antaktika, na hapo Kibokoni watu wanasema nimefika.

Picha zile ni za wiki tisa ndani ya meli ya Polarstern, inayovunja barafu tangu mwaka 1982. Miaka kumi na moja iliyobaki nimeimaliza Bremerhaven, mji wa bandari huku Ujerumani, mbele ya hadubini na kompyuta, nikipima krili, viumbe mfano wa uduvi lakini wakubwa zaidi, wafikao sentimita 6, ambao nyangumi, sili na pengwini wanawategemea kwa chakula. Krili wachanga hupitisha majira ya baridi wakila mwani unaoota chini ya barafu, kwa hiyo barafu ya bahari ikipungua, wao ndio wa mwanzo kukosa riziki. Kazi hiyo naipenda kwa dhati.

Kinachoniumiza ni mikataba. Sheria ya Ujerumani inaruhusu mtafiti aajiriwe kwa mikataba ya muda hadi miaka sita kabla ya shahada ya uzamivu na sita baada yake. Ikiisha, kama hukupata nafasi ya kudumu au mradi wenye fedha zake, unatoka, hata uwe umechapisha makala ngapi. Nimeshatia saini mikataba saba. Baina ya wa nne na wa tano nilikaa miezi minne bila mshahara, nikimalizia makala ya mradi uliokwisha, kwa sababu bila makala hiyo nisingeweza kuomba ruzuku nyingine. Fedha nilizotuma nyumbani miezi ile zilikuwa za kukopa, na sikumwambia mtu. Mamako huniuliza kila Idi kwa nini sijajenga. Basi ajue kwamba mwenye mkataba wa miezi kumi na minane benki haimwamini.

Usidhani kwamba elimu ya bahari iko kwenye barafu tu. Kule Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wamefanya kazi na wanakijiji hadi mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, ukawa unauza kaboni inayohifadhiwa na mikoko, yaani unalipwa na wanaotaka kufidia hewa ya ukaa wanayoitoa. Ningekuwa wewe, ningesoma shahada ya uzamili huko kwanza, kwani anayekuja na data zake mwenyewe hangoji profesa amgawie mada.

Ukiamua kuja, nitakupokea. Lakini kabla ya kutia saini uliza waziwazi mkataba ni wa miezi mingapi, utalipwa sehemu gani ya mshahara kamili, na nani atakulipa utafiti ukivuka mwaka wa tatu, maana huvuka. Mkataba wangu wa sasa unakwisha mwezi wa Machi, na bado sijaambiwa kama upo mwingine.

Mjomba wako