Biti Mbili za Ziada: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Usimbaji wa Data

Barua zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna vifaa vya kasi kubwa vinavyotuma biti, yaani sifuri na moja, moja baada ya nyingine katika njia moja bila data kuvurugika. Tumeanza na barua iliyouliza swali la msingi kuliko zote.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa mitandao hapa Tanga. Moduli za fiba ninazofunga kwenye swichi zimeandikwa gigabiti 1.25 kwa sekunde, lakini swichi yenyewe ni ya gigabiti 1, na nikipima sioni zaidi ya hapo. Muuzaji aliniambia kwamba iliyobaki ni hasara ya kawaida ya njiani. Je, ni kweli? Inapotelea wapi?

Jibu: Ndugu Fundi, hakuna data iliyopotea, na muuzaji wako alikosea kuiita hasara. Gigabiti 1.25 ni idadi ya biti zinazopita ndani ya uzi wa kioo kila sekunde, na gigabiti 1 ni kiasi cha data kilichomo ndani ya biti hizo. Kabla ya kutumwa, kila baiti, yaani biti 8, hubadilishwa kuwa alama ya biti 10 kwa kufuata jedwali maalumu, na kifaa cha upande wa pili huirudisha alama hiyo kuwa baiti. Ukichukua nane ya kumi ya 1.25 unapata 1 kamili. Usimbaji huu huitwa 8b/10b, na walioubuni ni Al Widmer na Peter Franaszek wa kampuni ya IBM, ambao waliuchapisha mwaka 1983.

Sababu ya kuongeza biti hizo mbili utaielewa ukianza na saa. Katika njia ya kasi hiyo hakuna waya wa pili unaobeba mapigo ya saa ya mtumaji, kwa hiyo kipokezi hutegemea kristali inayopiga saa yake chenyewe, na kristali mbili haziendi sawasawa kabisa. Kanuni za Itheneti, aina ya mtandao ambao swichi yako huutumia, huruhusu kila moja ipotoke kwa sehemu 100 katika milioni. Ikiwa moja imewahi na nyingine imechelewa, tofauti yao hufika sehemu 200 katika milioni, yaani biti 1 katika kila biti 5,000. Kwa kuwa kila biti hudumu nanosekunde 0.8, biti 5,000 hupita katika mikrosekunde 4 tu, na baada ya muda huo mfupi kipokezi kisichosahihishwa kitakuwa kimeruka biti nzima au kimeihesabu mara mbili. Kinachokisahihisha ni mabadiliko ya ishara yenyewe: kila ishara inapotoka sifuri kwenda moja, au moja kwenda sifuri, kipokezi hurekebisha mapigo yake. Sasa fikiria faili lenye maelfu ya baiti zilizo sifuri tupu, jambo ambalo ni la kawaida kabisa. Zikitumwa kama zilivyo, ishara haitabadilika hata mara moja, na kipokezi kitakuwa kinahesabu gizani. Katika 8b/10b biti zinazofanana haziwezi kufuatana zaidi ya tano.

Jambo la pili ni mizani ya umeme. Ndani ya moduli zako, na kwenye nyaya nyingi za kasi, ishara hupitia kapasita ambazo huzuia volti isiyobadilika, ili vifaa viwili vyenye volti tofauti viweze kuunganishwa salama. Kapasita hupitisha mabadiliko na kuzuia kilichotulia. Biti za moja zikizidi biti za sifuri kwa muda mrefu, kapasita hujaa kidogo kidogo, kiwango cha katikati ambacho kipokezi hukitumia kutenganisha sifuri na moja huhama, na hatimaye biti iliyotumwa kwa usahihi husomwa vibaya. Kwa hiyo idadi ya moja na idadi ya sifuri zinatakiwa kulingana, tena zilingane daima, si kwa wastani wa siku nzima.

Hapa ndipo ninapoona ustadi wa wabunifu hawa, na ningependa kila mwanafunzi wa elektroniki apitie hesabu hii kwa kalamu yake mwenyewe. Alama za biti 10 ziko 1,024. Zenye moja tano na sifuri tano, ambazo zimelingana kikamilifu, ni 252. Baiti zinazowezekana ni 256. Zimepungua nne tu, na bado hatujatenga alama za kuongozea mawasiliano, zile zinazosema fremu, yaani fungu moja la data, imeanza au imekwisha. Widmer na Franaszek waliruhusu pia alama zenye moja sita na sifuri nne, pamoja na zile zenye moja nne na sifuri sita, kwa sharti kwamba baiti inayopewa alama isiyolingana ipewe mbili, moja ya kila upande, na mtumaji achague kwa kuangalia salio, yaani hesabu inayoonyesha kama zilizozidi hadi hapo ni moja au sifuri.

Salio hili ni kama la daftari la duka. Linaanza likiwa hasi 1. Alama iliyolingana huliacha lilivyo, yenye moja sita hulipandisha hadi chanya 1, na yenye moja nne hulirudisha hasi 1. Likiwa hasi, mtumaji haruhusiwi kutoa alama itakayolishusha zaidi. Likiwa chanya, haruhusiwi kulipandisha. Chukua baiti yenye thamani 3: salio likiwa hasi hutumwa 1100011011, na likiwa chanya hutumwa 1100010100. Mwishoni mwa kila alama deni halijawahi kuzidi kiwango hicho, hata mashine ikitumika mwaka mzima bila kuzimwa. Zile baiti za sifuri tupu tulizozihofia, salio likiwa hasi, zitatumwa kama 1001110100, tena na tena, na ukihesabu utakuta moja tano na sifuri tano katika kila alama.

Faida nyingine ni kwamba kipokezi nacho kinaweka salio lake. Biti moja ikigeuka njiani, ama alama isiyokuwamo kwenye jedwali hutokea, ama salio hukataa papo hapo au alama chache baadaye, lakini biti mbili au zaidi zikigeuka, alama inaweza kuwa nyingine halali na kosa likapita bila kuonekana kwa usimbaji. Ndiyo maana fremu za Itheneti bado hubeba hesabu yake ya uhakiki mwishoni, kwa kuwa usimbaji huu haukubuniwa kurekebisha makosa.

Swali: Nilinunua diski ya SATA iliyoandikwa gigabiti 6 kwa sekunde. Nikigawa kwa 8 napata megabaiti 750, lakini diski haijawahi kupita 560. Nimedanganywa? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Hujadanganywa. SATA, njia inayounganisha diski na kompyuta, nayo hutumia 8b/10b, kwa hiyo kila baiti inachukua biti 10 kwenye waya, nawe unapaswa kugawa kwa 10. Kikomo ni megabaiti 600, na katika hizo hutoka pia nafasi ya fremu na maagizo. Diski inayofikisha 560 inafanya kazi vizuri.

Swali: Mwalimu wetu hutumia neno usimbaji kwa jambo hili, lakini kwenye simu yangu ujumbe husemekana umesimbwa ili watu wasiusome. Je, 8b/10b hulinda siri? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Jibu: Hapana, hailindi siri hata kidogo. Kinachoficha ujumbe ni usimbaji fiche, ambao huhitaji ufunguo, na neno hilo la pili halifai kuachwa. Jedwali la 8b/10b liko wazi kwa ulimwengu mzima, na yeyote mwenye kifaa cha kusoma alama anaweza kulirudia. Lugha yetu ina nafasi ya kutenganisha mambo haya mawili, nasi waandishi tuna wajibu wa kufanya hivyo kila mara.

Swali: Nimesoma kwamba mitandao ya gigabiti 10 imeuacha usimbaji huu. Kama ni mzuri hivyo, kwa nini uachwe? (Mhandisi, Kampala)

Jibu: Umeachwa kwa sababu ya gharama. Kwa kila biti 8 za data unalipa 2, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo malipo hayo yanavyouma. Gigabiti 10 za data zingehitaji biti bilioni 12.5 kwa sekunde, kasi ambayo leza na nyaya zake zingekuwa ghali zaidi kutengeneza. Kanuni za Itheneti ya gigabiti 10, zilizoidhinishwa mwaka 2002, zilichukua usimbaji wa 64b/66b, ambao huongeza biti 2 kwa kila biti 64, na kasi ya njia ikawa bilioni 10.3125.

Lakini kilicholipwa kidogo hutoa kidogo, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Biti 2 za mwanzo wa kila kifungu ni 01 au 10 siku zote, kwa hiyo badiliko moja limehakikishwa katika kila biti 66, ambapo 8b/10b haikubali biti zaidi ya tano zinazofanana. Biti 64 zilizobaki huvurugwa kwa hesabu inayozifanya zionekane kama zimetupwa ovyo, na kipokezi huzivuruga kinyume ili kuzirudisha. Mizani ya moja na sifuri hapo inategemea uwezekano, si sheria ya salio. Uwezekano wa kupata mfululizo mbaya ni mdogo mno, na vipokezi vya sasa huvumilia mengi, kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi. Hata PCI Express, njia inayounganisha kadi na vifaa vingine ndani ya kompyuta, ilifuata mkondo huo katika toleo lake la tatu: badala ya kupanda kutoka bilioni 5 hadi bilioni 10 za biti kwa sekunde, ilipanda hadi bilioni 8 tu ikitumia usimbaji wa 128b/130b, na data ikakaribia kuongezeka maradufu.

Swali: Ndugu Mhariri, sisi ni wanafunzi wa uhandisi tunaotengeneza bodi mbili zenye chipu za FPGA, ambazo mtumiaji hujipangia mwenyewe saketi za ndani, zinazozungumza kwa jozi ya nyaya kwa 8b/10b. Kipokezi kinaonyesha kwamba kimejipanga na hakuna kosa lolote, lakini data ni ya ajabu. Tukituma 0 inafika 0. Tukituma 3 inafika 28. Tukituma 74 inafika 181. Alama za kuanza na kumaliza fremu zinafika salama kila mara. Tumebadilisha programu wiki nzima bila mafanikio. (Wanafunzi watatu, Dar es Salaam)

Jibu: Wapendwa wanafunzi, nawashukuru kwa kuandika namba zenyewe, maana bila hizo nisingeweza kuwajibu. Acheni programu, angalieni nyaya. Nina hakika kwamba waya chanya na waya hasi wa jozi yenu vimebadilishana mahali fulani, pengine kwenye mchoro wa bodi, na kipokezi kinasoma kila moja kama sifuri na kila sifuri kama moja.

Tuthibitishe. Baiti 74 hutumwa kama 0101010101. Igeuzeni, mtapata 1010101010, ambayo kwenye jedwali ni baiti 181. Baiti 3, salio likiwa hasi, ni 1100011011. Kinyume chake ni 0011100100, nayo ni alama halali ya baiti 28 pale salio la kipokezi linapokuwa chanya. Nalo kweli ni chanya, kwa sababu salio lake nalo limepinduka pamoja na biti. Baiti 0 hutumwa kama 1001110100 au 0110001011, na mkitazama vizuri mtaona kwamba hizi mbili ni kinyume cha kila mmoja, hivyo ikigeuzwa inabaki baiti ileile.

Swali gumu zaidi ni kwa nini kipokezi hakilalamiki. Ili kipokezi kijue alama ya biti 10 inaanzia wapi katika mto wa biti usio na nafasi, hutafuta mfuatano wa biti saba 0011111 au 1100000, unaoitwa koma, ambao hauwezi kutokea kwa bahati kati ya baiti mbili za kawaida. Koma mbili hizi ni kinyume cha kila mmoja. Mkigeuza nyaya, koma ya kwanza inakuwa ya pili, na kipokezi kinajipanga bila shaka yoyote. Alama zote za kuongozea nazo zina sura mbili zilizo kinyume, kwa hiyo zinafika salama. Jedwali zima limejengwa hivyo: pindua kila biti, na bado unapata alama halali yenye salio sahihi. Ulinganifu huo hupendeza kwenye karatasi, lakini ndio uliowaficha kosa lenu kwa wiki nzima.

Waliotunga PCI Express waliiona hatari hii mapema. Vifaa vyake vinapoanza kutambuana, hutumiana baiti 74 nyingi kwa mfululizo, na kifaa kinachopokea 181 mahali pake hujua kwamba jozi yake imepinduliwa, kikazigeuza biti chenyewe. Nanyi hamhitaji kutengeneza bodi upya, kwani vipokezi vya kasi vilivyomo ndani ya chipu za FPGA kwa kawaida vina mpangilio wa kugeuza biti zinazoingia. Uwasheni kwenye bodi moja tu, upande wa kupokea, kisha tumeni 3. Ikifika 3, tumeni baiti zote 256 moja baada ya nyingine kabla ya kurudi kwenye programu yenu, na jozi inayorudisha data upande wa pili muipime peke yake, kwa sababu nayo inaweza kuwa imepinduliwa au haikupinduliwa.