Jibu: Demokrasia ikizorota, raia naye ana lawama?

Ndugu, umeuliza kama lawama ni ya wakubwa wa Kinshasa peke yao. Sehemu kubwa ni yao. Muuza makala (makaa) wa komine ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hana jeshi wala hazina. Lakini kifungu cha 64 cha katiba ya 2006 kinampa kila Mkongomani wajibu wa kumpinga anayetwaa madaraka kwa nguvu. Na sisi? Kitenge chenye sura ya mgombea, noti kidogo, kura imeenda. Gavana huchaguliwa na madepite wa provensi, yaani wabunge wa jimbo: nani amewahi kumuuliza depite wake alimchagua gavana gani, na kwa nini? Njaa naielewa. Pokea kitenge, mama ashone, ila jioni ya kura ukapige picha karatasi ya matokeo iliyobandikwa kituoni.